Chungu Kwenye Sakafu Mpya

Wajukuu zangu, mmewahi kukitua chungu cha moto sakafuni bila kata ya majani chini yake? Hamjawahi, ndiyo maana mnaniuliza chanzo cha methali "Usikisifu chungu kingali mafigani." Basi ilianza hivi.

Nyamizi na mwenzake Masele, huko Tabora, walikuwa wametunga lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Lugha hiyo ilikuja na maktaba ya zana zilizo tayari, mtu achukue tu atumie. Zana ya kutafuta mafaili aliitengeneza Nyamizi.

"Dada, tuijaribu na kwenye kompyuta yangu? Ni ya aina nyingine," Masele alimwambia.

"Mkweche huo? Kwangu inakubali, inatosha."

Asubuhi moja wakiwa kazini sebuleni kwa mama yake Nyamizi, simu ikalia. Alikuwa muuguzi wa zahanati iliyotumia zana ile.

"Leo tumeletewa kompyuta mpya. Nina mtoto hapa, homa inamchoma. Mwaka jana sindano ilimvimbisha mpaka koo, na mama yake hajui ilikuwa dawa gani. Nafungua rekodi zake, tupu! Nimchome ipi?"

"Usimchome kwanza! Usikate simu."

Nyamizi akaijaribu zana kwake kwa rekodi za mfano. Rekodi zikaja nzima. Akarudia mara tatu, nzima vilevile.

Mara jikoni kukasikika kishindo. Mama alikuwa ameipua maharage, akakitua chungu kwenye sakafu mpya ya saruji. Kikalala ubavu, mchuzi ukatiririka hadi mlangoni.

"Ona kinavyoniumbua! Mafigani kilitulia kama mtemi!"

Nyamizi akalitazama lile tako la mviringo la chungu. Kumbe mafiga ndiyo yaliyokishika! Na zana yake ilishikwa na kompyuta yake. Anwani za mafaili aliziandika kwa kistari cha kutenganisha majina, kilichoinamia upande mmoja. Kompyuta za aina nyingine, kama ya Masele na bila shaka ile mpya ya zahanati, hukiinamisha upande wa pili. Akaandika upya, zana iiulize kwanza mashine desturi yake.

Lakini zana kukubali kwenye kompyuta yake mwenyewe hakukuthibitisha kitu tena. Kwenye simu, mtoto aliyekuwa akilia akanyamaza.

"Masele, kaka yangu, naomba mkweche wako."

Ukagoma mara moja. Akarekebisha. Mara ya pili ukakubali, wakaituma zana zahanati.

"Imefunguka!" muuguzi akasema. "Ni penisilini. Na ndiyo niliyokuwa nimeishika. Ngoja nimpe nyingine."

Mama akaja na dekio mkononi. "Usikisifu chungu kingali mafigani," akasema, akainama kufuta mchuzi.

Nyamizi akamgeukia Masele. "Tangu mwanzo nilitaka kukuomba hiyo kompyuta. Niliogopa zana yangu itakwama mbele yako."