Ngoma ya Mfalme na Mkeka wa Bi Kidawa

Jamani, mpo?
— Tupo!
Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo, tupe!

Hapo kale alikuwako Mfalme Ndarambo, aliyemwomba Mungu kwa ngoma. Aombe, nani kamkataza? Lakini siku moja akatoa amri: nchi nzima iombe kwa ngoma, uani kwake, yeye akiongoza. Asiyetaka, ahame.

Bi Kidawa, mfinyanzi, aliomba kimya juu ya mkeka, kama mama yake. Askari wakaja, wakauchukua.

"Utaomba kwa ngoma au utahama? Mwezi ukiandama tunarudi."

"Siombi kwa ngoma, na sihami. Na mkeka wangu utarudi."

Mnamwona? Mimi nampenda mwanamke huyu, sifichi. Hakulia. Aliwazungukia majirani: "Mfalme kasema maombi ni kazi yake. Basi ombi lisilojibiwa, mpelekeeni."

Asubuhi akaja mkulima. "Mfalme, tumepiga ngoma yako, mvua iko wapi?" Mfalme akatazama mawingu.

Akaja bibi mmoja. "Tumepiga ngoma yako, mbona mguu bado unauma?" Mfalme akajikuna.

Akaja bwana mmoja, kofia mkononi. "Tumepiga ngoma yako, mbona mke wangu hajarudi?" Mfalme akakimbilia ndani!

Watu wakajaa mpaka nje ya ua. Daraja likavunjika, hakuna wa kulitengeneza. Wezi wakaiba, hakuna wa kuwahukumu. Mfalme ana kazi ya kujibu maombi!

Mwishowe akatoka anapiga kelele. "Niacheni! Mimi si Mungu!"

Bi Kidawa akasogea mbele. "Kama si Mungu, mbona umekaa mlangoni kwake, unachagua wa kuingia?"

Mfalme akatahayari. Akaagiza mkeka uletwe. Kisha, ili amfurahishe, akatangaza: "Mama huyu kashinda! Tangu leo nchi nzima itaomba juu ya mikeka!"

Vigelegele! Wewe ungefanyaje? Ungekubali, usinidanganye.

Bi Kidawa akauweka mkeka miguuni pa mfalme. "Hapana. Ukiwalazimisha wenzangu, uchukue tena. Wa ngoma apige ngoma yake, wa mkeka akae mkekani, asiyeomba akalale zake. Wewe, mfalme wangu, nenda katengeneze daraja."

Mfalme akamrudishia mkeka wake, akakunja mikono ya kanzu, akaenda darajani.

Yangu yameishia hapo. Aliyesinzia amuulize jirani yake, mimi koo limenikauka.