Mnyamwezi Aliyeliliwa Akiwa Hai

Mtumie hii ndugu yako mwenye kitambi. Usimwambie kwa nini. Akifika katikati atajijua mwenyewe.

Mihambo alipasua suruali akiwa amebeba jeneza.

Jeneza lilikuwa la kaka yake, Maganga, na wala halikuwa zito. Wanaume walilinyanyua mlangoni, Mihambo akatia bega mbele kama inavyompasa mdogo wa marehemu. Kabla hawajafika getini, pumzi zikamwishia.

"Nipokeeni, jamani! Nipokeeni!"

Akainama ili ajinasue, na hapo mshono wa nyuma ukaachia kwa mlio uliofika mpaka barazani walikoketi wanawake. Hata shekhe alikatisha dua.

Aliyeanza kusema ni Bi Sikudhani, jirani yake wa kule mlimani, Mzaramo wa kuzaliwa. "Wazaramo wenzangu, njooni mwone maajabu! Babu yake huyu alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka pwani. Yeye kumfikisha kaka yake getini kashindwa!"

Hakuna aliyemkemea. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu siku za misafara, na mtani husema msibani maneno ambayo mtu mwingine angeyasema angetolewa nje kwa mkong'oto. Sharti ni moja tu: ukitaniwa, hununi.

Mihambo hakununa. Aliogopa. Baba yao alianguka ghafla, wakaambiwa ni moyo. Maganga naye vilevile, hata mvi hazijamwota. Kati ya wanaume wa nyumba ile, alikuwa amebaki yeye peke yake.

Mkewe, Tausi, hakumpa nafasi ya kupumua. Matanga yalipokwisha tu, alimkokota mpaka zahanati. Daktari, mama mmoja asiyecheka ovyo, akamfunga mkanda mkononi, akatazama mashine, akamfunga tena.

"Mia na themanini kwa mia na kumi. Kichwa kinauma?"

"Hapana, daktari. Nasikia raha tu."

"Ndivyo presha ilivyo. Inakaa kimya mpaka siku ya kukuangusha. Na sisi weusi inatuwahi mapema. Unakula nini?"

Hapo alimgusa penyewe. Mihambo alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, na ramani ya Afrika alikuwa ameihifadhi tumboni. Chalinze aliijua kwa mishkaki, Lubumbashi kwa mbuzi, Kapiri Mposhi kwa kuku wa kukaanga. Aliieleza safari nzima kwa furaha, daktari akimsikiliza hadi kituo cha mwisho.

"Na mboga?"

"Mboga huwa naziona, daktari. Huwa zipo kando ya barabara."

Daktari hakucheka. Alimwandikia dawa za kumeza kila siku. Akamwambia apunguze chumvi na mafuta, ale mboga, matunda, maharage na samaki, na miguu aitumie kwa kutembea badala ya kukanyagia mafuta ya gari tu.

Mihambo akaitikia kila neno. Dawa akazitia mfukoni, na humo zikalala. Jumamosi iliyofuata alikuwa uani kwake, Morogoro, kifua wazi, ameinamia karai kubwa la mafuta yanayochemka, anakaanga nyama ya mbuzi na maini. Kikopo cha chumvi kilikuwa mkono wa kushoto, kama kawaida yake, maana alikuwa akitia chumvi kabla ya kuonja.

"Mume wangu, daktari alisemaje?" Tausi akauliza.

"Alisema nipunguze. Nimepunguza. Leo sikununua utumbo."

Ndipo kilio kikapasuka getini.

Bi Sikudhani aliingia na wenzake watatu, kanga viunoni, majivu usoni. Wakatandika mkeka katikati ya uwanja, wakajibwaga, wakaanza.

"Mihambo wee! Umetuacha, mtani wetu! Umetuacha na karai la moto!"

"Bi Sikudhani, una wazimu? Mimi niko hapa!"

"Maiti haisemi. Nyamaza, tunakulilia."

"Sijafa!"

"Tunajua. Ila kwa mwendo huu wa mafuta, siku yenyewe huenda nikawa nimesafiri. Nimeona nilie mapema, nisidaiwe kilio."

Majirani walianza kumiminika. Mzee Chambuso wa nyumba ya pili alifika na kanzu yake ya mazikoni, akampa Tausi mkono.

"Pole, mwanangu. Amekufa kwa ugonjwa gani?"

"Hajafa, mzee. Yuko pale anakaanga."

Mzee Chambuso akageuka, akalitazama karai kwa utulivu. "Basi atakufa kwa hilo karai."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mihambo naye akacheka, mwiko mkononi. Alikuwa bado anacheka pale binti yake, Shija, alipoingia akikimbia kutoka sokoni, bila viatu, kanga imemdondoka njiani. Kilio alikuwa amekisikia tangu barabarani. Hakuuliza ni cha nani. Vifo vya nyumba ile vilikwisha kumzoesha.

Akamwona baba yake amesimama. Akamwendea, akaanza kumpiga ngumi za kifua, moja baada ya nyingine, huku machozi yakimtoka.

"Nilijua ni wewe, baba! Nilijua ni kama baba mkubwa! Nilijua ni wewe!"

Hakuna aliyecheka tena. Mihambo alisimama akipokea zile ngumi, na kwa mara ya kwanza akausikia moyo wake ukidunda chini ya mikono ya mwanawe. Mwiko ukamponyoka.

Bi Sikudhani akajipangusa majivu. Mtani anapokuja msibani haondoki mikono mitupu. Huchukua atakacho, na mwenyewe akikitaka hukikomboa. Wenzake wakamwaga mafuta kwenye shimo la taka, wakabeba karai, wakabeba ndoo zote za mafuta za stoo. Kikopo cha chumvi akakitia kwapani mwenyewe.

"Ukivitaka, uje kwangu na mzigo begani, kwa miguu, kama babu yako," akasema. "Kwangu ni kule juu mlimani, unapajua. Ukifa kabla hujaja, vyangu."

Jioni ile Mihambo alitafuta dawa zake mfukoni, akaanza kuzimeza.

Usidhani ilikuwa rahisi. Juma la kwanza bila chumvi alisema chakula kina ladha ya maneno ya daktari. Tausi akamkamulia ndimu, akamkatia kitunguu na pilipili, ulimi ukaanza kusahau. Ugali ukawa wa dona, samaki wa kuchoma. Mchicha ulikuwa haukatiki pale nyumbani, fungu baada ya fungu, mbichi kabisa, na Mihambo akaula bila kuuliza unatoka wapi. Safarini alibeba maharage yake kwenye chombo. Madereva wenzake wa Tunduma walimzomea, "Mihambo, umekuwa sungura?" Akawajibu, "Sungura umemwona lini kwenye jeneza?" Foleni ya mpakani ikisimama, yeye alishuka akatembea mpaka mwisho wake na kurudi.

Kitambi kikaanza kuaga, kwa uvivu, kama mgeni aliyezoea. Suruali iliyopasuka Tausi aliishona, baadaye akaipunguza.

Siku moja, miezi ikiwa imepita, alirudi zahanati; daktari alimfunga mkanda, akatazama mashine, akamfunga tena. Mihambo akajua ameshindwa.

"Kwani ni mbaya, daktari?"

"Mia na ishirini na nane kwa themanini na mbili. Nimerudia kwa sababu sikuamini. Dawa usiache, na hicho unachokula usiache."

Na hapo, kwa mara ya kwanza, yule mama akacheka.

Kutoka hapo Mihambo alikwenda stendi na binti yake, akapokea gunia la viazi vitamu lililoletwa na basi la Tabora, akalitupia begani. Shija akataka kushika upande mmoja.

"Acha, mwanangu. Huu ni mzigo wa ukoo."

Akaanza kupanda mlima. Watu walitoka milangoni. Mzee Chambuso alitoka bila kanzu ya mazikoni, akamfuata akipiga makofi, na wengine nyuma yake. Mihambo hakuomba kupokewa. Pumzi zilimtosha mpaka za kuimba, na aliimba vibaya sana, wimbo wa kwao wa wapagazi, mpaka uwanjani kwa Bi Sikudhani. Akalitua gunia mbele yake.

"Mtani, Mnyamwezi amefika! Nipe vyangu!"

Bi Sikudhani alimtazama kutoka utosini hadi nyayoni. Akampeleka nyuma ya nyumba.

Karai lilikuwa pale, limetobolewa matundu chini, limejaa udongo, na mchicha umesimama ndani yake kijani kibichi. Ndoo zote za mafuta vilevile, zimepangwa ukutani, mchicha tupu. Tausi, aliyetangulia kufika, alikuwa akiinamisha uso asionekane anavyocheka.

"Kumbe ule mchicha..." Mihambo akashindwa kumaliza.

"Ulidhani unashuka na malaika? Umekula kutoka kwenye karai lako muda wote huo."

Mihambo akapangusa macho, akasema ni jasho. Kisha akanyoosha mkono. "Haya, nimekomboa. Nipe karai langu."

"Hupati. Aliyekombolewa ni wewe."

Funzo: Presha haibishi hodi. Mwanaume, kapime ungali unacheka. Punguza chumvi na mafuta, kula mboga, tembea, na dawa ukipewa umeze, maana kilio cha mtani ukiwa hai kina faida kuliko kilio cha ukoo mzima ukiwa kaburini.