Bibi Milembe na Mtoto Asiyeshuka Mgongoni

Paukwa!

"Pakawa."

Walioketi mlangoni sijawasikia. Paukwa!

"Pakawa."

Palikuwa na kijiji, na kijiji kilikuwa na watoto.

"Na watoto walikuwa na mama zao."

Basi sogeeni karibu.

Hapo zamani za kale, babu wa babu yangu hajaota meno, palikuwa na mwanamke akiitwa Kalunde. Mumewe aliitwa Luhende. Walikuwa watu wa jembe. Mtama walikuwa nao ghalani, mbuzi wachache walikuwa nao zizini, na ugomvi na jirani hawakuwa nao.

Kalunde alizaa mtoto wa kwanza. Homa ikamchukua angali mchanga. Akazaa wa pili, msichana, wakamwita Nyamizi. Nyamizi alikuwa na miguu myepesi. Alitambaa mapema, akasimama mapema, akatembea kabla ya wenzake. Mwendo wake ulikuwa tii, tii, tii, kama kifaranga cha kanga, na watu waliacha kazi wamtazame akipita. Siku moja mama yake alikuwa akitwanga. Nyamizi akatokea nyuma ya nyumba, tii, tii, tii, akashika njia ya kisimani. Kisima cha kijiji kilikuwa shimo pana lenye kingo za utelezi. Hakikuwa na kizuizi.

Nyamizi hakurudi.

Mwaka uliofuata Kalunde akajifungua tena, mtoto wa kiume. Wakamwita Maziku, kwa kuwa alizaliwa nyumba ikiwa bado na harufu ya maziko. Na tangu siku ile Kalunde alipomfunga Maziku mgongoni kwa mbeleko ya ngozi ya mbuzi, hakumshusha tena.

Akilima, Maziku mgongoni. Akitwanga, Maziku mgongoni. Akienda kuteka maji, Maziku mgongoni, na maji hakuteka pale kisimani. Alikwenda mtoni, mbali, nyuma ya vilima viwili. Akipika ndipo anamhamishia mapajani, na akilala anamweka kati yake na ukuta. Chakula chake kilikuwa uji mwepesi uliochujwa, maana Kalunde alihofia punje imkwame kooni.

Maziku akamaliza masika ya kwanza. Akamaliza ya pili. Akamaliza ya tatu. Wenzake walikuwa wakikimbizana na ndama. Yeye miguu yake ilining'inia kiunoni kwa mama yake, myembamba kama mabua, na macho yake makubwa yaliwatazama wenzake wakipita.

Watu wakaanza kunong'ona. Wengine walisema mtoto karogwa. Wengine walisema ni deni la mizimu. Luhende akasikia, akanyamaza. Alikuwa mtu wa kunyamaza tangu siku ya Nyamizi.

Kisha Kalunde akajikuta ana mimba.

Alihesabu miezi kwa vidole. Alihesabu tena. Mtoto angezaliwa mwanzo wa kiangazi. Na mgongo ni mmoja.

Mpo?

"Tupo."

Sasa, katika kijiji hicho kulikuwa na kikongwe, Bibi Milembe, mfinyanzi wa vyungu. Nywele zake nyeupe, mgongo wake umepinda, na mikono yake ina udongo mpaka kwenye viwiko. Alikuwa mjane wa siku nyingi. Akina mama walipokwenda shambani, watoto wadogo waliwaacha uani kwake. Bibi hakuwakalisha kitako. Aliwapa udongo waukanyage. Udongo wa vyungu sharti ukanyagwe mpaka ulainike, na miguu ya Bibi ilikuwa imechoka. Basi asubuhi ukipita kwake unasikia: pwacha, pwacha, pwacha, na sauti nyembamba zikiimba:

"Udongo huu, kanyaga,
kokoto toka, kanyaga,
chungu cha mama, kanyaga,
mboga ya jioni, kanyaga."

Siku moja Kalunde alikuja kununua chungu kwa kibaba cha mtama. Tumbo mbele, mtoto nyuma, jasho likimtiririka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Keti upumue."

"Siketi, Bibi. Nikiketi, kuinuka taabu."

Milembe akamtazama. Akamtazama Maziku. Maziku alikuwa akiwatazama watoto kwenye udongo, na vidole vyake vya miguu vilikuwa vikichezacheza. Pwacha wakikanyaga wao, na chake kidole kinajikunja.

"Nina upungufu wa miguu leo," akasema Bibi. "Niazime miwili."

"Hajui kutembea, Bibi."

"Simtaki atembee. Nataka akanyage."

"La." Kalunde akaishika mbeleko kwa mikono yote miwili. "Nisamehe, Bibi. Siwezi."

"Unaogopa ataanguka?"

Kalunde akakaza fundo la mbeleko. Kisha akasema kwa sauti ya chini, akiyatazama magugu, "Kuanguka siogopi. Mtoto akijua kutembea hutembea, Bibi. Nyamizi alijua kutembea."

Hakuna mtu kijijini aliyekuwa amemsikia Kalunde akilitaja jina lile. Milembe hakumwambia pole wala hakumpa mawaidha. Aliusugua udongo mkononi mpaka ukakauka, ukapukutika. Kisha akamchagulia chungu kizuri, akamsindikiza hadi njiani.

Asubuhi iliyofuata kijiji kiliamshwa na shoka. Ko! Ko! Ko! Shoka butu, la mkono usio na nguvu. Watu wakatoka. Wakamkuta Bibi Milembe kichakani akikata mti, mti mwembamba tu, na jasho linamtoka kama anakata mvule. Ulipoanguka akaukokota, kru, kru, kru, mpaka kisimani. Akachimba shimo kando ya kisima kwa kigae cha chungu. Akausimika. Akarudi kichakani.

"Bibi, unajenga zizi?" vijana wakamwuliza.

"Nazungushia kisima."

"Miti yote hiyo utaiweza wewe?"

"Leo nimeuweza mmoja."

Wakacheka kidogo, wakaenda zao. Siku ya kwanza Bibi alisimika miti mitatu. Siku ya pili alisimika miwili, kwa kuwa viganja vilikuwa vimechubuka. Watoto wa uani kwake, wale wakubwa, walikuja naye, wakikanyaga udongo kwenye mashina ya miti ili ishike. Pwacha, pwacha, pwacha.

Siku ya tatu alikuwa akikokota mti akahisi umekuwa mwepesi. Akageuka. Luhende alikuwa ameshika ncha ya pili. Luhende ambaye tangu siku ile hakuwahi kukaribia kisima kile. Alikuwa na shoka lake begani, na uso wake ulikuwa umelowa, wala si jasho.

"Ilikuwa kazi yangu hii, Bibi," akasema.

"Ilikuwa yetu sote," akajibu Milembe. "Shika vizuri, mwanangu, usije ukaniangushia."

Walioona wakaona haya. Mmoja akaleta panga. Mwingine akaleta miiba akiiburuta juu ya matawi. Wanawake wakaja na kamba za magome. Mwisho wa juma kisima kilikuwa na ua wa miti uliobanana, na lango, na komeo la lango lilikuwa juu, kifuani kwa mtu mzima.

Ndipo Milembe alipokwenda kwa Kalunde. "Njoo uone," akasema.

Kalunde alikwenda hatua kwa hatua, Maziku mgongoni. Alipofika alipita katikati ya watu. Alilisukuma lango. Halikufunguka. Aliuzunguka ua wote, akisukuma mti mmoja mmoja kwa bega, na watu wakamngoja. Mti mmoja ulicheza. Luhende akachukua nyundo ya gogo akaugongomea, du, du, du. Kalunde akausukuma tena. Haukucheza.

Akaketi chini palepale. Akafungua mbeleko. Akamweka Maziku kwenye majani.

Maziku akapiga kelele kama mtu aliyetupwa mtoni. Mama yake akanyoosha mikono, na Milembe akaishika, akaiweka mapajani mwake.

"Umemweka. Sasa kaa karibu naye. Asikuone umekwenda."

Tangu hapo kila asubuhi Kalunde alikwenda uani kwa Bibi. Siku za mwanzo Maziku alikaa tu kwenye udongo, analia, anaushika, anaonja, anatema. Baada ya siku nyingi akaacha kulia. Akaanza kujivuta kwa makalio. Kisha akatambaa, huku ananguruma kama ng'ombe anayepanda kilima. Akianguka kifudifudi, Kalunde anainuka, na Bibi anamwambia, "Keti. Wewe umeshamshusha, kuinuka atajifundisha mwenyewe."

Adhuhuri chano kikubwa cha mti kiliwekwa katikati. Bibi Milembe hakuwa na chakula cha kifalme. Palikuwa na ugali wa mtama, kunde zilizoiva, majani yake yaliyoungwa kwa karanga, na mara mojamoja kambare mkavu aliyetolewa miiba. Kalunde alikuwa amekuja na kibuyu chake cha uji uliochujwa. Maziku akakitazama kibuyu. Akatazama chano, mikono midogo ikiingia na kutoka. Akaingiza wake. Akaitoa kunde moja, akaitia mdomoni, akaitafuna na meno yake yaliyokuwa yamekaa bila kazi tangu yalipoota.

Kalunde alishika pumzi. Maziku akameza. Akachukua nyingine.

"Meno mazuri hayo," akasema Bibi. "Mlikuwa mmeyahifadhia nani?"

Kalunde akacheka. Aliona ajabu kusikia sauti yake mwenyewe ikicheka.

Miguu ya mtoto ikaanza kujaa. Lakini kusimama hakusimama. Mwezi ukapita, na mwingine. Tumbo la Kalunde likashuka. Usiku hakulala vizuri. Alikuwa akijiuliza iwapo wanaonong'ona walikuwa na haki.

Siku moja Bibi Milembe alikuwa amefinyanga mtungi mkubwa, mkubwa kuliko yote aliyopata kuifinyanga, wa sherehe ya mtemi. Ulikuwa mbichi bado, unakauka kivulini, na watoto walikuwa wameambiwa wasiusogelee. Bibi na Kalunde walikuwa wakitwanga. Maziku alitambaa. Akaufikia mtungi. Akaukumbatia. Akajivuta juu, kidogo, kidogo, kidogo, mpaka tumbo lake likalala kwenye udongo mbichi, na mikono yake ikafika mdomoni mwa mtungi.

Mtungi ukainama. Ukajikunja. Ukaporomoka, fuuu, ukawa rundo.

Watoto wakaacha kukanyaga. Michi ikasimama. Kalunde akaweka mkono mdomoni. Kazi ya siku tisa, na mtungi ulikuwa wa mtemi.

Bibi Milembe hakuutazama mtungi. "Kalunde," akasema polepole. "Anashikilia nini?"

Kalunde akatazama. Mtungi haukuwepo tena. Maziku alikuwa amesimama, mikono hewani, udongo mpaka kidevuni, ameduwaa kama wao. Alikuwa hashikilii kitu.

Akasimama. Akasimama. Kisha magoti yakakumbuka kuogopa, akaketi, puu.

"Mtungi utafinyangwa," akasema Bibi Milembe. "Endelea kutwanga, mwanangu, tusimtishe."

Kalunde akatwanga. Hakuona anachotwanga, macho yamejaa. Na kabla ya adhuhuri Maziku alisimama mara tatu.

Mwanzo wa kiangazi Kalunde akajifungua mtoto wa kike. Siku hiyo Maziku alikuwa anakwenda hatua saba, anaanguka, anakwenda nyingine sita. Alipoitwa kumwona mdogo wake aliingia mlangoni kwa miguu yake, ameushika ukuta, akamchungulia, akauliza, "Yeye hatembei?"

"Bado," akajibu baba yake. Luhende alikuwa ameanza kuzungumza tena.

Mtama ulipoiva mwaka uliofuata, watoto walipelekwa kuamia ndege wasile punje. Jioni moja wenzake wakarudi, Maziku hakuonekana. Kalunde akaacha chungu jikoni. Alishika njia ya shambani, mtoto wa kike mgongoni, karibu akimbie. Alipofika ukingoni mwa shamba akasimama.

Maziku alikuwa kule mwisho, peke yake, akiwafukuza kwelea. Alikimbia vibaya, goti moja likienda pembeni, mikono juu, akipaza sauti, "Hoo! Hoo! Hoo!" Ndege wakainuka wote pamoja, wakashuka upande wa pili, naye akageuka, akawafuata. Akaanguka. Kalunde akavuta pumzi kumwita.

Hakumwita. Mtoto alikuwa amekwisha kuinuka, na hakujua kama anatazamwa.

Kalunde akakaa hapo mpaka alipohakikisha kwamba njia ya kurudi anaijua. Kisha akatangulia nyumbani, akachochea moto, akaongeza unga kwenye chungu, konzi mbili zaidi, maana mtoto anayekimbia hula.

Bibi Milembe aliishi masika mengine matano. Wazee waliomjua waliulizwa aliacha mafumbo gani. Walijibu kwamba hawakumbuki hata moja, wanakumbuka alivyofanya. Mama alipoogopa, hakumcheka. Aliiendea hofu yenyewe akaifungia kwa miti.

Nanyi mnaolea, sikieni. Mtoto hukua kwa kula, kwa kucheza na kwa kuanguka. Lakini kabla hujamwambia mama amshushe mwanawe, nenda ukatengeneze pale atakapokanyaga. Mama huzaa, ardhi ya mtoto husafishwa na kijiji kizima.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye yake na asogee aketi nilipoketi mimi.