Machungwa Mia Tatu ya Mzee Shekalaghe

Hapo zamani, si ile zamani ya fisi kuongea, ni hii ya juzi juzi ambayo fisi wanavaa tai na kuitwa HR, paliondokea kijana mmoja mjini Muheza, jina lake Zebedayo. Alikuwa na digrii ya sayansi ya chakula, upper second, na bahasha ya kaki iliyochoka kuliko yeye. Miaka sita aliibeba ofisi kwa ofisi. Akaambiwa lete experience. Alipouliza experience inauzwa duka gani, akaambiwa tutakupigia. Hawakupiga.

Sasa, Muheza ni machungwa. Yapo mpaka yanaoza njiani. Akatokea Mzee Shekalaghe, mwenyeji aliyekaa Ulaya miaka ishirini akifanya kazi kwenye viwanda vya bia. Akarudi, akakodi ghala la zamani la mkonge, akasimika mitungi ya chuma inayong'aa, akatangaza kwamba atapika craft beer ya machungwa, yaani bia ya kupikwa kidogo kidogo kwa mkono, si ya kiwandani. Watu wakacheka. Bia na chungwa wapi na wapi? Lakini waliposikia kuna nafasi ya kazi, tena ya mkataba, tena yenye bima, kicheko kikakatika kama umeme.

Mzee akachukua vibarua watatu wa majaribio. "Mmoja wenu nitamwandikia mkataba," akasema. "Mmoja tu. Wawili siwawezi, tusidanganyane."

Wa kwanza alikuwa Mama Mkunde, aliyepika pombe ya miwa tangu hajaolewa, na ulimi wake watu waliuamini kuliko vipimo vya hospitali. Wa pili alikuwa dada Tumsifu, muuza machungwa wa stendi, ambaye humenya huku anakutazama usoni na ganda likatoka utepe mmoja. Tumsifu ni mlokole, pombe haigusi. "Kazi yangu mimi ni chungwa," alisema. "Likishaingia mtungini, mimi nalo hatujuani." Wa tatu Zebedayo, yeye na upper second yake.

Siku ya kupika, Mzee akawaagiza: "Menyeni machungwa mia tatu, katakateni, tumbukizeni." Kisha akaenda zake Tanga kufuata vizibo.

Mama Mkunde akakoroga. Zebedayo akapima joto na kuandika. Tumsifu akamenya. Akamenya kama anavyomenya stendi, kama anavyomenya kila mtu Muheza: kisu kinazunguka, ganda la kijani linatoka jembamba, chungwa linabaki jeupe pe, mfano wa yai. Vipande vikaingia mtungini na weupe wao. Hakuna aliyeshtuka. Chungwa lililomenywa si ndilo hilo? Kwani kuna lingine?

Wiki tatu zikapita, ikafika asubuhi ya kuonja.

Mzee akanusa, akaonja, akameza. Akakunja uso.

Zebedayo akanusa, akaonja, akameza. Kwanza chungwa likamsalimia vizuri, hata akataka kutabasamu. Halafu nyuma ya ulimi ukaja uchungu mkavu, ukakaa, ukagoma kuondoka. Akachanganyikiwa. Hii ndiyo craft yenyewe? Ndivyo wanavyoinywa huko? Au imekufa? Hakuwahi kuonja craft beer maishani mwake; chuoni uchachushaji walifundishwa kwa slaidi, na projekta ilikuwa mbovu.

"What do you think, young man?" Mzee akauliza. Akishikwa na hofu, Kiingereza ndicho kilichokuwa kikimtoka.

Zebedayo akakumbuka interview zote alizowahi kukaa. Ukisema sijui, umekwisha. "It's spoiled, sir," akasema. "Contamination. Tumwage." Akalisema kwa sauti ya profesa, na uhakika hakuwa nao hata wa kulambia.

Mama Mkunde akanusa, akaonja, akameza. Akaonja tena.

"Haijaharibika," akasema. "Iliyoharibika naijua, inanuka soksi. Hii ni chungu tu. Mkiimwaga mna wazimu. Nipeni mimi niichanganye na ya miwa, niipeleke kilabuni. Wateja wangu hawana maswali."

"Kumbe unaitaka," Zebedayo akamchokonoa.

"Naitaka, ndiyo. Wewe unaitaka mtaroni. Mwenye akili nani hapo, mwanangu?"

Mzee akajishika kichwa. Keshokutwa yake alikuwa anakuja Bi Eufrasia, mnunuzi wa vinywaji wa hoteli moja kubwa ya Pangani, na kupika upya hakukuwa na muda. "Isimwagwe," akaamua. "Lakini nataka nijue imepatwa na nini."

Zebedayo akatoka nje, masikio yanamwaka moto. Nyuma ya ghala akakuta lundo la maganda ya kijani, yamekauka, hayana hata chembe ya nyeupe. Akayatazama. Akayageuza. Kisha akachukua chungwa kwenye kapu la Tumsifu, akalimenya, akabandua kile cheupe kwa kucha, akakitafuna. Uchungu uleule. Palepale, nyuma ya ulimi.

Akarudi ndani. "Mzee, nilikosea. Si contamination. Ni ile nyeupe ya chungwa."

Mzee akamgeukia Tumsifu. "Ulimenya ukaiacha nyeupe?"

"Sasa Mzee ulitaka nilivue mpaka uchi? Litashikwa wapi?"

"Kule tunaibandua yote kwa vidole."

"Kule," Tumsifu akasema. "Hapa ni Muheza."

Bi Eufrasia akafika. Mzee akamwomba radhi kwa lugha mbili kabla hata hajamimina. Yule mama akanusa, akaonja, akameza. Akasogeza glasi, akaomba tena.

"Bia za machungwa nimeonja nyingi," akasema. "Zote ni soda zilizolewa. Hii ina uchungu wa mwisho unaokudai funda jingine. Nitaichukua kila mwezi. Hiihii. Ikibadilika ladha, sichukui." Akapanda gari lake, akaondoka.

Walitakiwa kufurahi, lakini hakuna aliyejua aanzie wapi. Kosa limegeuka biashara, na biashara ina nafasi moja. Mzee akautoa mkataba mezani. "Haya, semeni. Nimwandike nani?"

"Mzee, nisikilize," akasema Tumsifu. "Ladha aliyoisifia yule mama ni ya mkono wangu. Ningemenya kama ulivyotaka wewe, angekunywa soda akaenda zake."

"Lakini hukujua unachokifanya," Zebedayo akadakia.

"Nani kasema lazima nijue? Wewe unayejua ulisema tumwage."

"Mzee, nisikilize," akasema Mama Mkunde. "Mkono wake na digrii ya huyu vyote vingekuwa mtaroni saa hizi. Niliyesema isimwagwe ni nani?"

"Uliitaka kwa ajili ya kilabu chako, mama," akasema Tumsifu.

"Niliitaka. Na ipo."

"Mzee, nisikilize," akasema Zebedayo. "Yule mama anataka hiihii kila mwezi. Kama sababu isingejulikana, mwezi ujao ungebandua kwa vidole, ukampoteza. Ladha isiyojulikana ilikotoka ni bahati tu, na bahati haina recipe."

"Na tungekusikiliza wewe," Mama Mkunde akamwuliza, taratibu, "ungeitafutia wapi hiyo sababu?"

 

Mzee akachana karatasi vipande vitatu. "Kila mmoja aandike jina moja. Lisiwe lake. Lenye kura nyingi ndilo nitakaloliandika."

Zebedayo akaishika kalamu muda mrefu. Miaka sita alikuwa akiomba watu waandike jina lake, leo ameambiwa aandike la mwingine. Kila jina alilolifikiria lilikuwa na haki, na kila haki ilikuwa na kasoro yake. Mwisho akaandika: Mama Mkunde.

Mzee akafungua ya kwanza: Mama Mkunde. Akafungua ya pili, mwandiko mkubwa uliolalia upande: Tumsifu. Akafungua ya tatu, herufi nadhifu za mtu anayeandika bei kwenye maboksi: Zebedayo.

Zebedayo akamtazama Tumsifu. Tumsifu akatazama sakafu.

Mzee akavipanga vile vipande, akavipangua, akavipanga tena. Mkataba uko mezani, pale pa jina pako wazi, na mwezi ujao Bi Eufrasia anarudi.

Basi ninyi mliokaa hapa mkisikiliza, msinitazame mimi. Mmoja alikosea bila kujua, na kosa lake ndilo linalouzwa. Mmoja aliokoa, akiwa na lake moyoni. Mmoja alijua, baada ya kujifanya anajua. Kalamu ingekuwa mkononi mwenu, mngemwandika nani? Je, nani alistahili?