Mfalme Aliyetaka Miaka Milioni

Hii isome taratibu, kisha mtumie umpendaye.

Katika Misri ya kale, aliyetaka kuandika milioni alichora mtu aliyepiga magoti, mikono yote miwili ameiinua juu. Alama hiyohiyo ilimaanisha pia milele, maana nani angehesabu hadi huko akamaliza?

Mfalme mmoja, Nebira, aliipenda sana alama hiyo. Uzee ulikuwa umeshampigia hodi, na kila alipofikiria kifo alikosa raha. Akaamuru ichongwe ukutani, kubwa, yenye sura yake mwenyewe.

"Nataka kuishi miaka milioni," alimwambia Senbi, mchongaji wake. "Nitazame vizuri usije ukakosea."

Akapiga magoti, akainua mikono. Haukupita muda, mabega yakaanza kumuuma na mikono ikaanza kushuka.

"Pumzika kidogo, Mtukufu," alisema Senbi.

"Milele haipumziki. Wewe chonga."

Lakini moyoni aliumia. Kama muda mfupi hivi ulimshinda, hiyo miaka milioni angeibeba na nani? Mkewe alishafariki. Binti yao wa pekee, Meret, mfalme mwenyewe ndiye aliyemfukuza siku binti huyo alipoolewa na mfinyanzi, na tangu hapo hakutaka hata jina lake litajwe.

Mara mlango ukasukumwa. Mtoto wa kike, miguu imejaa vumbi, akaingia mbio. Alipomwona mzee amepiga magoti, mikono wazi, alielewa jambo moja tu: anataka kukumbatiwa. Akamrukia kifuani.

Walinzi waliganda. Patasi ikamponyoka Senbi. Mfalme akashusha mikono polepole, akajikuta amemzungushia mtoto.

"Wewe ni wa nani?"

"Wa Meret. Mama alisema babu amezeeka sana, tukaja kukuona. Ila yeye yuko nje, anaogopa kuingia."

Mfalme akamkumbatia kwa nguvu zaidi. Machozi yakamtoka, kisha akaanza kucheka, kicheko ambacho jumba lile lilikuwa limekisahau.

"Mwiteni mwanangu," alisema. "Na huyo mfinyanzi wake kama yupo, naye aingie. Chakula kiletwe."

Senbi akauliza kwa woga, "Na ile milioni, Mtukufu? Nami nilikuwa nimefika kwenye pua."

"Pua itangoja, Senbi. Leo nina mjukuu."

Funzo: Kabla hujaomba miaka mingi, patana kwanza na wale ambao ungependa kuiishi nao.