Deni la Matundu Mia

— Tegeni masikio!
— Tumeyatega!
— Neno likiingia?
— Halitoki!
— Na likiwa chungu?
— Tutalitafuna hivyo hivyo!

Basi hapo kale palikuwa na Bi Kindi, mdogo wa umbo, mkubwa wa mkia. Mumewe alifariki mwishoni mwa masika. Arubaini ilipokwisha, wageni wakaondoka mmoja mmoja na masufuria yao, naye akabaki peke yake katika shimo la mti lililowatosha wawili. Asubuhi anasema, "Leo kuna baridi," hakuna wa kumwitikia. Jioni anasema, "Haya, tulale," hakuna wa kulala. Akaona mwisho atasahau kusema.

Alikuwa na ndugu mmoja tu duniani, mdogo wake, jina lake Mwanamvua. Mwanamvua aliolewa ng'ambo ya maji makuu, mwendo wa siku saba. Hawakuonana miaka tisa. Na maji yale yalikuwa na meli moja tu, inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi.

Bi Kindi akatia karanga zake zote mfukoni, karanga mia na hamsini, akaenda gatini.

Mwenye meli alikuwa Bwana Kiboko. Mkubwa wa tumbo, mkubwa wa kinywa, mkubwa wa sauti. Alikaa mwenyewe nyuma ya dirisha la hesabu, maana hakumwamini mtu.

"Karibu, bibi!" akanguruma. "Melini kwangu hatushikishani fedha. Karanga zako weka hapa, nawe chukua kadi hii. Ukitaka kitu, onyesha kadi. Siku ya kushuka tutahesabiana."

"Na chakula, Bwana Mkubwa?"

"Chakula kimo kwenye nauli. Vinywaji vinaandikwa."

"Chai bei gani?"

"Kikombe kimoja, simbi moja."

Bi Kindi akapiga hesabu kichwani. Nje pale gatini, kwa wale wabadilishaji fedha wenye vimeza vyao, simbi moja ilikuwa karanga tano. Akaona si haba. Atakunywa, na zitabaki za kumpelekea mdogo wake. Akaweka karanga, akapokea kadi, akapanda. Honi ikalia: Vuuuuu! Meli ikang'oa nanga.

Jamani, meli ile ilijaa! Tembo na wake zake wawili. Pundamilia na bibi harusi wake, hawaachani hata kwenye ngazi. Ngiri na watoto saba. Kila meza ilikuwa na kelele zake. Bi Kindi akapewa meza nyuma ya nguzo, karibu na mlango wa jikoni. Meza ilikuwa na viti viwili, lakini Bi Ngiri alikuja akauliza, "Hiki kina mtu?" Bi Kindi akasema, "Hapana, hakina mtu." Kikachukuliwa.

Mhudumu wa upande ule alikuwa Mzee Kobe. Alibeba sinia mgongoni, na mwendo wake ulisikika tangu jikoni: kwata, kwata, kwata.

"Umeamkaje, Bi Kindi?"

"Nimeamka salama, Mzee Kobe. Nawe je?"

"Namshukuru Mungu. Nikuletee chai?"

"Niletee."

Kwata, kwata, kwata. Chai ikaja. Krii! Mzee Kobe akachora mstari kwenye kadi. Kikombe kimoja, simbi moja.

Mchana, kwata, kwata, kwata. "Unaendeleaje, Bi Kindi?" "Vizuri, Mzee Kobe." "Nikuletee chai?" "Niletee." Krii! Kikombe kimoja, simbi moja.

Jioni, kwata, kwata, kwata. "Umeshindaje, Bi Kindi?" "Nimeshinda salama." "Nikuletee chai?" "Niletee." Krii!

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake yote ya siku. Hakuwa na kiu. Mara nyingi chai ilipoa mbele yake, ikafanya utando juu, naye hajaigusa. Lakini chumbani alikuwa anajizoeza jibu la kesho: leo nitamwambia nimeota ndoto, leo nitamwambia mkia unaniuma.

Siku ya tatu, alikaa nyuma ya nguzo yake akamsikia Mzee Kobe kwenye meza ya Tembo. "Umeamkaje, Bwana Tembo? Namshukuru Mungu. Nikuletee chai?" Akaenda kwa Pundamilia. "Umeamkaje? Namshukuru Mungu. Nikuletee chai?" Maneno yale yale, sauti ile ile, hata kikohozi kidogo cha katikati kilikuwa kile kile. Bi Kindi akainamisha kichwa. Mzee Kobe alipofika kwake na kumwuliza kama alete chai, Bi Kindi alikunjua mkia, akaukunja tena.

Kisha akasema, "Niletee."

Siku ya saba mji wa ng'ambo ukaonekana. Abiria wakapanga foleni kwenye dirisha la hesabu. Tembo akalipa huku anatukana. Pundamilia akalipa, bibi harusi akamtazama vibaya. Ikafika zamu ya Bi Kindi.

"Vikombe ishirini," akasema Bwana Kiboko. "Simbi ishirini. Umeweka karanga mia na hamsini. Unadaiwa karanga mia moja."

Bi Kindi akadhani hakusikia sawasawa. "Simbi ishirini ni karanga mia, Bwana Mkubwa. Ni wewe wa kunirudishia hamsini!"

"Hiyo ni bei ya gatini. Hapa ni melini. Melini kwangu simbi moja ni karanga kumi. Na kila kikombe nimekubadilishia fedha mimi kwa mkono wangu, kwa hiyo ada, karanga mbili. Ishirini mara kumi na mbili?"

"Mia mbili na arubaini," akasema Bi Kindi polepole.

"Toa mia na hamsini zako. Zimebaki tisini. Na kumi ni ada ya kuhesabu ada. Mia!"

"Hukuniambia!"

"Imeandikwa nyuma ya mlango wa chumba chako. Wewe hukusoma, kosa ni langu?"

"Sina karanga nyingine hata moja. Nitalipaje?"

Kiboko akacheka, tumbo likacheza. "Utalipa kwa kuosha vyombo. Hushuki. Muulize Kobe."

Mzee Kobe alikuwa amesimama kando na sinia yake tupu. "Nilipanda kumfuata mke wangu," akasema, hatazami juu. "Mwaka wa nne huu. Mimi fedha yangu ni majani. Ananilipa simbi, anazigeuza majani, anakata ada. Namlipa majani, anayageuza simbi, anakata ada. Nikifanya kazi mwezi mzima deni linakua." Akamsogelea Bi Kindi, akashusha sauti. "Bi Kindi, nisamehe. Zile salamu ni kazi. Nikimsalimu abiria, anaagiza chai. Bwana ndiye aliyenifundisha maneno."

"Nilijua, Mzee Kobe. Tangu siku ya tatu."

"Ulijua? Sasa mbona uliendelea kuagiza?"

Bi Kindi aligeuka akaenda zake chumbani.

Nyuma ya mlango kweli palibandikwa karatasi. Herufi zake zilikuwa ndogo kama mayai ya chawa. Tembo hawezi kuzisoma, Twiga hawezi, hata Kiboko mwenyewe alikuwa amesahau mengi ya yaliyomo. Lakini Bi Kindi macho yake ni madogo, na pua aliiweka karatasini kabisa. Akasoma mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Akasoma tena. Kisha akajipangusa machozi, na mkia ukasimama.

Mnafuata?

— Tunafuata!

Akarudi dirishani analia kwa sauti. Hii, hii, hiii! "Bwana Mkubwa, nionee huruma! Nimesoma karatasi. Imeandikwa abiria hulipa kwa fedha ya kwao, na kiwango hupanga mwenye meli. Nakuomba, usinidai kwa fedha ya kwetu! Nidai kwa karanga tu!"

Kiboko akainua masikio. "Kwani fedha ya kwenu si karanga?"

"Karanga ni chakula, bwana. Kwetu sisi kina Kindi, tajiri ni mwenye matundu. Mwenye tundu moja anaishi. Mwenye matundu mawili anaheshimika. Mwenye matano anaposwa na koo tatu. Wakati wa mvua, tundu moja zuri hulipati hata kwa kikapu kizima cha karanga."

Hapo hakusema uongo hata chembe.

Kiboko akalamba mdomo. Kikapu kizima! "Basi kiwango napanga mimi. Kwako wewe, karanga moja ni tundu moja. Unadaiwa matundu mia!"

"Hii, hii, hiii! Utaniua, bwana! Angalau niyalipe nikishafika kwa mdogo wangu."

"Thubutu! Imeandikwa: malipo yote humu humu melini, kabla ya kushuka!"

"Basi nitoe madogo madogo."

"Makubwa! Yenye kina!"

"Niyaweke wapi, Bwana Mkubwa?"

"Chini kabisa, kwenye chumba cha hazina. Huko ndiko mali yangu yote ilipo."

"Naomba iandikwe, basi."

Kiboko akaandika mbio mbio, Bi Kindi asije akabadili nia. Akanyanyua mguu wa mbele, akaugonga kwenye karatasi. Ndu! Muhuri ukakaa.

Bi Kindi akashuka ngazi. Akashuka, akashuka, akashuka, mpaka akasikia maji yanapiga ubao kwa nje. Mle ndani mlikuwa na magunia ya simbi, magunia ya karanga, magunia ya kila fedha ya kila mnyama. Akachagua ubao wa chini, akakaza meno.

Kweche, kweche, kweche. Kweche, kweche, kweche. Po!

Churuuuuu!

"Moja!" akapiga kelele. "Zimebaki tisini na tisa!"

Kiboko akasikia, akaja anabingirika ngazi nzima, bu, bu, bu, bu. Akakuta maji yamefika kwenye magunia, karanga zimeanza kuelea.

"Unafanya nini, wewe?"

"Nalipa deni. Hili kubwa, lina kina. Sogea kidogo nilipe la pili."

"Acha! Acha! Meli itazama!"

Kiboko akatafuta kitu cha kuzibia. Gunia, dogo. Mkeka, mwepesi. Mwisho akageuka, akakalia tundu kwa makalio yake yote. Pwa! Maji yakakatika.

"Sasa niondoke vipi hapa?" akauliza.

"Ukiondoka, inazama," akasema Bi Kindi. Akakaa juu ya gunia, anajisafisha masharubu. "Niendelee kulipa?"

"Hapana! Nimekusamehe deni!"

"Ala! Karatasi haina msamaha. Ina kubadilisha tu. Kama umechoka na matundu unataka nikubadilishie, sawa, lakini kubadilisha kuna ada."

Kiboko akafumba macho. "Ada yako kiasi gani?"

"Karanga zangu mia na hamsini. Na kila mfanyakazi aliyezuiwa humu, deni lake lipigwe muhuri limekwisha."

Wakaletewa daftari. Ndu! la Kobe. Ndu! la Pimbi aliyeosha masufuria miaka sita. Ndu! la Bata, ndu! la Sungura mzee wa kupiga pasi, ndu, ndu, ndu, mpaka daftari likaisha. Bi Kindi akahesabu karanga zake, hakuongeza hata moja.

Meli ikavutwa kwa kamba mpaka gatini. Wale walioachiwa wakateremka mbio, wanacheka, wanalia, wanagongana mabega. Kila mmoja alikuwa na pa kwenda. Bi Kindi akasimama chini ya ngazi na mfuko wake. Alifikiri labda mmoja wao atasimama. Mzee Kobe alipita karibu yake kabisa, macho yako mbele, midomo inataja jina la mkewe. Bi Kindi hakumlaumu. Lakini kobe hana mbio. Barabara ile ilinyooka, na tangu mchana mpaka alasiri mgongo wake ulionekana, unakwenda, unakwenda. Angegeuka wakati wowote. Hakugeuka.

Bi Kindi akauliza njia, akafika kwenye mti wa mdogo wake, juu ya kilima. Akabisha hodi. Akabisha tena. Jirani, Bi Kwarara, akatoa mdomo wake mrefu kwenye kiota.

"Unamtaka nani, mama?"

"Mwanamvua. Mimi ni dada yake."

Kwarara akatoka nje ya kiota. "Dada yake wa ng'ambo?"

"Ndiyo."

"Ee Mungu wangu. Alipata habari kuwa umefiwa na shemeji yake. Akauza kila kitu, akajaza kapu, akasema hawezi kukuacha peke yako. Amepanda meli safari iliyopita. Itakuwa alishuka huko siku ile ile uliyopanda wewe. Mmepishana gatini."

Bi Kindi akakaa chini pale pale kwenye shina. Kutoka juu ya kilima kile meli ilionekana vizuri. Mafundi walikuwa wamekwisha kuondoka. Walisema ubao hauwezi kubadilishwa mpaka Kiboko ainuke, na Kiboko alisema hainuki mpaka ubao ubadilishwe.

"Nikuletee maji?" akauliza Bi Kwarara.

Bi Kindi akamtazama muda mrefu kwanza.

"Niletee," akasema.

Fundisho lake, basi, wanangu: ukiletewa bili, lipa. Usiulize kiwango, usiulize ada, na maandishi madogo usiyasome kabisa. Hayo waliandikiwa wenye macho mabaya. Meli za watu zisitobolewe. Anayejua kuhesabu ndiye anayeharibu safari.

— Tumesikia!
— Mtafuata?
— Hatufuati!
— Basi hadithi nimeitua, kila mmoja achukue kipande akatafunie kwao.