Mkono Usiokomea kwenye Mpira

Mtu mmoja, jina lake Elisaria, alikuwa na kazi ya kubeba fimbo katika uwanja wa gofu, huko milimani kwenye mashamba ya kahawa. Kwa miaka sita alimbebea Zefania, mchezaji wa kulipwa na mwalimu wa uwanja ule. Bado wapo wanaozikumbuka asubuhi zile, nyasi zikiwa na umande, na fimbo ya Zefania ikikata hewa kwa sauti laini kama kitambaa kinachochanwa.

Zefania alipotangaza kwamba anaondoka, wakubwa wa uwanja walisema mbeba fimbo atakayevusha mpira ng'ambo ya korongo la maji lililokatiza uwanja ndiye atakayeachiwa kazi ya ualimu. Elisaria aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Alikwisha kumwiga Zefania kila kitu: namna ya kushika fimbo, upana wa miguu, hata kunyamaza kwake kabla ya kupiga. Lakini mipira yake yote iliangukia korongoni.

"Elisaria, leo tena unalisha vyura?" wenzake walimcheka.

Jumamosi, siku ya jaribio, Zefania alikuja alfajiri. Kazi yake ilikuwa imekwisha jana yake. Alikuwa ameshaagwa, na mizigo yake imeshafungwa. Hakuna aliyemwita. Alisimama nyuma ya Elisaria, akamtazama akipiga mara tatu.

"Mdogo wangu, wewe bado unalima," alisema. "Jembe hukoma kwenye udongo. Fimbo haikomi kwenye mpira. Ukipanga kukomea pale, mkono unaanza kulegea kabla haujafika."

Akaishika mikono ya Elisaria, akaipeleka taratibu, ikapita mahali pa mpira, ikapanda hadi juu ya bega la kushoto. Walirudia hivyo mpaka jua likatoka. Kisha Zefania akaenda kuwahi basi.

Saa nne Elisaria alisimama mbele ya watu. Alipiga, na mikono yake haikusimama. Mpira ulikuwa umeshaondoka, unavuka korongo, naye alikuwa bado anamalizia pigo lake. Wenzake waliokuwa wakimcheka walishangilia. Aligeuka kumtafuta mtu mmoja, naye hakuwepo.

Elisaria amefundisha katika uwanja ule miaka mingi sasa. Wanafunzi wakimsifu kwa ufundi wake, yeye huwasimulia asubuhi ile: baridi yake, harufu ya maua ya kahawa, na mikono ya mtu ambaye hakulazimika tena kumfundisha yeyote.

Basi, ndugu zangu, wema huu tunaowatendea watu, tumeupangia ukomee wapi?